Hana Zamu, Hana Adhabu

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha hilo. Wako wanaoogopa nyoka, wako wanaoogopa giza. Mimi naogopa kikao. Hadi leo nikiona watu wazima wamekaa kwenye madawati na mmoja wao ameshika kalamu, mimi hugeuza njia. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, walisema wahenga, na mimi wangu niliukimbiza salama. Aliyebaki nyuma na ubawa uliovunjika ni mtu mwingine, na ndiye ninayetaka kumsimulia.

Tulihamia Handeni, mama na mimi, miaka ile ya watu kuhamia vijijini. Kabla ya hapo tulikuwa kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, ambako baba alikata mkonge mpaka kifua kikamshinda. Alikuja huko kama manamba, kibarua wa mkataba, akitokea mbali, na kwao hatukumjua hata mtu mmoja. Alipokufa, chumba chetu cha kambini kikahitajika kwa mkataji mwingine. Ilipotangazwa kwamba vijiji vya Ujamaa vinapokea watu na kuwapa viwanja, mama alikunja mkeka, akachukua sufuria mbili, tukapanda lori. Tulishushwa alasiri kwenye kijiji kimoja njia ya Mazingara. Watu walitutazama, nasi tukawatazama.

Bibi mmoja, ambaye nyumba yake ilipakana na kiwanja tulichopewa, ndiye aliyekuja kwanza. Alizitazama sufuria zetu, akarudi kwake, akaja na kijinga cha moto. Hakuuliza kabila wala dini, ingawa mama alikuwa na rozari shingoni na yeye alikuwa ametoka kuswali. Aliuliza kama tumekula. Tulilala kwake siku tisa mpaka kibanda chetu kikasimama, na siku zote hizo alikuwa wa kwanza kuamka na wa kwanza kushika jembe, mgongo umepinda hivyo hivyo.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa siku ya pili, tukapelekwa kwenye bustani ya kijiji.

Bustani ilikuwa kando ya lambo ambalo watu walilichimba kwa mikono kabla hatujafika. Ilikuwa na matuta ya mchicha na nyanya, na kipande kikubwa cha mahindi. Maji yalikuwepo na udongo ulikuwa mzuri. Kilichokosekana ni maelewano. Mtu alimwagilia tuta alilolipanda mwenyewe akaliruka la mwenzake. Mwingine alifunga mzigo wa majani ya maboga akasema alikuwa anayapunguza. Wengine walifika jua limeshawaka, wakakaa kivulini, na jioni wakadai wamefanya kazi. Siku wanawake wawili waliporushiana ndoo, bwana shamba, kijana aliyekuja na pikipiki kutoka mjini, alisema hatutaweza kulima pamoja kama hatujakubaliana nani ni nani katika bustani ile, na kila jambo tunaliita nini.

Basi tukakaa kikao alasiri mbili mfululizo, ndani ya darasa ambalo lilikuwa bado halijaezekwa. Niliitwa kuandika kwa sababu nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Niliona fahari, nisiseme uongo. Daftari lilikuwa jipya, gumu, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulifungua.

Siku ya kwanza kulikuwa na vicheko. Mfanyakazi, tukaandika, ni yule aliyefika bustanini kabla umande haujakauka. Mgonjwa ni yule ambaye hata ngomani hakuonekana. Kuchuma ni kwa zamu na kwa kikapu cha kijiji. Kuchuma kwingine kote ni kuiba. Mzee mmoja akauliza: je, nyanya anayokula mtu akiwa kazini? Hiyo ilichukua alasiri nzima. Ikaamuliwa kwamba nyanya iliyopasuka ni ya aliyeiona, na kuanzia kesho yake nyanya nyingi zikaanza kupasuka.

Mgeni, waliamua, ni yule ambaye hajavuna misimu miwili. Nililiandika hilo kwa mkono wangu, na watu wawili watatu wakageuka kumtazama mama.

Siku ya pili ilikuja zamu ya wazee. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mpole, na nina hakika alitaka kuwaheshimu. Nikaandika alivyosema: mzee ni yule asiyeweza kulima mstari hadi mwisho bila kupumzika, mzee hana zamu, na kwa kuwa hana zamu, hana adhabu. Watu walipiga makofi. Bibi wa jirani yetu, aliyekuwa ameketi nyuma na wanawake, alisimama.

"Kwa hiyo mimi si mkulima tena?"

Mwenyekiti alimwambia kwamba ni kwa heshima tu, wanampumzisha.

"Sijaomba kupumzishwa," bibi alisema. Akakung'uta khanga yake, akatoka.

Nilitamani kumfuata, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu na walishafika kwenye mbegu. Hapo hapakuwa na kicheko. Msimu uliopita mbegu za kijiji zilikuwa zimetoka kiwiziwizi kwenda kwa shemeji na wajomba wa aliyezitunza, na kipande kizima cha mahindi kikakaa wazi. Mzee mmoja mwenye fimbo alipendekeza maneno, na kikao chote kikayapokea: mbegu ni mali ya kijiji tangu inapofika hadi inapoota, mtunza mbegu atakayeitoa nje ya bustani, yeye na nyumba yake yote watoke kijijini. Nikaandika, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha likaja swali la nani atazitunza. Watu wakainama kutazama miguu yao. Yule mzee akaninyooshea fimbo.

"Huyu hana ndugu hapa. Atampendelea nani?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilirudi nyumbani na ufunguo wa ghala umening'inia shingoni. Mama aliutazama muda mrefu. Aliniambia wanaokupa ufunguo wanakupa na lawama yake, na kwamba tukitolewa hapa hana tena mahali pa kutandika mkeka. Hakusema kwa hasira. Tangu siku ile nilianza kuamka alfajiri nikiwa nimeushika ule ufunguo.

Mbegu zilikuja na gari la wilaya kabla ya mvua za vuli. Yalikuwa mahindi, yamepakwa dawa ya unga mwekundu ili wadudu wasiyale ardhini. Bwana shamba aliniambia mimi na mwenyekiti kwamba dawa ile ni sumu, kuku akidonoa punje chache hafiki jioni. Watu wangeelezwa siku ya kupanda, bustanini, mimi nikiwa nagawa. Wote watakaozigusa watakuwepo, alisema. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, kwa kadiri ya daftari.

Ijumaa moja mchana, wanaume wakiwa msikitini, nilikuwa nimetoa debe la mbegu nje ya ghala nimezianika, maana ndani kulikuwa na unyevu. Bibi akaja na kikombe chake cha bati. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, mjukuu wangu. Akasema anataka kikombe kimoja tu apande nyuma ya nyumba yake, wale waliompumzisha wapite wayaone mahindi yamesimama.

Nilimweleza sheria. Nilimweleza habari ya kutolewa kijijini, mimi na mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu mbegu hainyimwi," akasema. "Nilipowapa moto, niliuliza ni wa nani?"

Nilitazama njia ya msikitini. Nilikiona kikombe, nikaziona siku tisa tulizolala kwake. Nilichota haraka, nusu ya punje zikamwagika chini, nikaziokota na mchanga wake, nikamsihi apite nyuma ya ghala asionekane. Nilimsukuma kabisa, kwa kiganja, begani. Neno juu ya dawa halikunitoka. Sikulisahau, lilikuwa mdomoni, lakini kulisema kungemfanya asimame aulize, na mimi nilitaka aondoke. Nikajiambia anakwenda kupanda, na mbegu ikiwa ardhini haimdhuru mtu.

Mvua ilinyesha usiku huo na siku iliyofuata. Jumanne tukaenda bustanini, kijiji kizima cha wenye zamu. Niliwaeleza juu ya sumu kwa sauti kubwa, mara mbili, jinsi nilivyoagizwa. Waliosha mikono lamboni kwa majani, wakacheka kwamba serikali sasa inawatilia wadudu sumu na wao watakufa kwa njaa ya kawaida. Tulipanda mpaka mchana. Mwanamke aliyekuwa mstari mmoja nami, mama wa watoto wanne, aliniona nikirudisha punje zilizobaki ndani ya debe. Akasema mwaka huu tumekosa uhondo.

Nikamuuliza uhondo gani.

Alishangaa kwamba sijui, kisha akakumbuka kwamba mimi ni mtu wa mkonge. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Kwao mbegu iliyotoka kwenda kupandwa hairudishwi kwenye kibuyu. Itakayobaki hupikwa kande siku hiyo au ya pili yake, mwenye mbegu anaonja kwanza, kisha anaita watoto wote wa jirani wale, ili iliyo ardhini isione uchoyo ikakataa kuota. Nikamuuliza kuhusu dawa. Akaniambia mbegu zao huwekwa na majivu, na majivu huoshwa. Hizi za leo hakuna mjinga atakayezipika, wote tumesikia. Halafu akainama kufukia shimo lake, akasema wa kwake wameshabahatika, wameitwa kwa bibi, alipanda za kwake jana na leo ana chungu jikoni.

Nilielewa palepale. Nataka lieleweke hilo, maana watu huwa wakarimu, hunisingizia kwamba nilichelewa kuelewa. Nilijua unga mwekundu uko kwenye chungu gani na nani wamekizunguka. Na nilijua pia kwamba nikipiga kelele pale, mbele ya zamu nzima, swali la pili litakuwa nani alimpa. Nilimuona mama upande wa pili wa bustani, amefunga kitambaa kichwani, anapanda mstari wake na wanawake wenzake. Alikuwa anacheka na mmoja wao. Sikuwa nimemuona akicheka tangu tumzike baba.

Nilipanda mashimo matatu. Nilitoboa, nikatia punje mbilimbili, nikafukia, nikasogea. Mashimo matatu. Nimeyasema hayo kwa padri na padri akasamehe, lakini mikono yangu bado inayakumbuka.

Kisha nikaacha debe, nikakimbia.

Kutoka lamboni hadi nyumbani ni kupanda mlima, njia ya mawe. Nilisikia watu wakiniita nyuma. Sikuwa na pumzi ya kuwajibu, na hata ningekuwa nayo nisingejibu. Nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, siyo kwamba watoto wawe wazima, bali kwamba nifike pasiwe na kitu, chungu kiwe cha mlenda, mambo yaishe bila mtu kujua nilikimbia kwa nini.

Watoto walikuwa saba, wamekaa chini mstari mmoja, kila mmoja na bakuli au kifuu. Chungu kilikuwa kimeepuliwa. Bibi alikuwa anakoroga kwa upawa ili kande zipoe, maana zilikuwa za moto mno, na moto ule ndio uliowaokoa. Mdogo kuliko wote alikuwa tayari amenyoosha bakuli lake.

Nilikipiga chungu teke. Mchuzi wake ulinimwagikia mguuni, na kovu ninalo. Watoto walilia, wengine kwa hofu, wengine kwa kuona kande zinaondoka na mchanga. Bibi alinitazama kama anavyotazamwa mwehu.

"Ule unga ni sumu, bibi," nikasema. "Ule mwekundu. Ni sumu."

"Nimeosha," alisema. "Nimeosha maji matatu." Akautazama upawa mkononi mwake. Kisha akakaa chini, taratibu, akiegemea ukuta, akaniambia kwamba ameshaonja.

Kuku wake walikuja kwenye kande zilizomwagika. Niliwafukuza nikiwa nachechemea, nikashindwa; walikuwa wengi na watoto walikuwa wananishika nguo. Mwenyekiti alipofika na watu wa zamu, jogoo alikuwa anazunguka uani shingo imepinda, na majike mawili yalikuwa yamelala. Mwanamke yule wa mstari wangu alipita mbio akawakusanya wanawe, akawapanua midomo mmoja mmoja na kunusa.

Bibi alikuwa ameanza kutapika. Mikono yake ilitetemeka hata hakuweza kushika khanga. Mtu akakimbilia maziwa, wengine wakatoa kitanda cha kamba kumbebea. Mwenyekiti alisimama katikati ya ua. Aliziona zile punje ardhini, akanitazama mimi, akatazama ufunguo shingoni kwangu. Aliuliza kwa sauti ya chini sana mbegu za kijiji zimefikaje hapa.

Mama alikuwa amefika. Alisimama nyuma ya wengine, udongo mikononi. Nilimuona ameelewa.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Nimeiba," bibi alisema kutoka ukutani. "Alizianika nje, akanipa mgongo, nikachota." Akapumua. "Haya, nipeni adhabu, kama daftari lenu linaruhusu."

Akajiegemeza tena ukutani.

"Mzee hana zamu, hana adhabu. Si ndivyo mlivyoandika?"

Alisema hayo kwa mwenyekiti, lakini macho yake yalikuwa kwangu, na hayakuwa macho ya kuomba. Yalikuwa yananiamuru ninyamaze. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Nikaufunga.

Walimbeba hadi zahanati iliyokuwa mwendo wa saa mbili. Alikaa huko siku nne. Siku hizo nne nilizoea kupiga magoti kando ya kitanda cha mama na kumwombea bibi apone, na nikishasema amina, hofu inanishika upya kwamba atapona, na akipona atasema kweli. Gari lolote lililonguruma barabarani lilikuwa limekuja kutuchukua. Mama alipika, alinitia marhamu ya kuunguzwa mguuni, na usiku alikuwa macho kama mimi. Siku ya tatu aliniambia neno moja tu, kwamba mzigo wa mtu mwingine ni mzito zaidi akiubeba mgonjwa. Nikajibu nitasema. Nilikusudia kusema.

Bibi alirudi kwa miguu yake, ameshikiliwa na wanawake wawili. Mkono wa kulia haukuacha tena kutetemeka. Na kikao kikaitwa.

Kilikuwa kifupi. Mwenyekiti alisema adhabu haipo, kwa sababu sheria ni sheria, ila jambo lazima liandikwe ili vizazi vijue. Yule mzee mwenye fimbo akanisifu mbele ya watu: mgeni, hana ndugu, lakini ndiye aliyekimbia kuokoa watoto wa wenyeji. Akapendekeza tusiitwe wageni tena, mama na mimi, ingawa misimu haijatimia. Makofi yakapigwa. Mama alishukuru, macho chini. Daftari likasogezwa mbele yangu, na mwenyekiti akatamka, nami nikaandika kwamba bibi huyu aliiba kikombe kimoja cha mbegu ya kijiji. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Nimeitazama ile sentensi mara nyingi baadaye, na mwandiko ni mzuri.

Watoto walimwita mwizi wa mbegu, mwanzoni kwa kificho, kisha wazi. Mama zao hawakuwakataza sana. Nilikuwa namletea maji, namchanjia kuni, na jioni nikimkuta amekaa nyuma ya nyumba anayatazama mahindi yake. Yalikuwa yameota. Yalikuwa marefu kuliko ya bustani.

Siku moja nilipita kwake nikitoka ofisi ya kijiji, daftari kwapani. Akaniambia niketi. Hakujua kusoma, wala hakuwahi kutaka, lakini siku ile aliuliza kilichoandikwa juu yake ni kipi hasa. Nikafungua ukurasa. Kidole changu kilikwenda penyewe kwenye mstari.

"Bibi huyu," nikasoma, "ni mkulima wa kijiji hiki."

Alitikisa kichwa kidogo, mkono wake ukicheza pajani. Alijua. Nadhani alijua.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, kwa sauti, na safari hii sikutazama daftari.